Mtoto Mnene Kupindukia: Mlo wa Matibabu Chini ya Jicho la Daktari

(Muziki wa kipindi. Unapungua polepole.)

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, uketi tusikizane. Na kama kuna kalamu karibu, iweke tayari, kwa sababu mwishoni nitakutajia mambo ya kuandika.

Juma lililopita tulimzungumzia mtoto aliyekonda kwa kukosa chakula cha kutosha. Leo tunamzungumzia ndugu yake, yaani mtoto aliye mnene kupindukia. Najua wengine mtasema, "Huo ni ugonjwa wa matajiri." La hasha! Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa hapa Kenya mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka 5, watoto 18 walikuwa wamedumaa na 3 walikuwa na uzito uliozidi. Lakini watoto wakishaanza shule, hasa mijini, mambo hubadilika. Uchunguzi wa watoto wa miaka 9 hadi 11 jijini Nairobi, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2014, ulikuta kwamba karibu mtoto 1 kati ya kila watoto 5 alikuwa na uzito uliozidi. Na mwaka wa 2025, shirika la UNICEF lilitangaza kwamba ulimwenguni kwa jumla, watoto wa umri wa kwenda shule walio wanene kupindukia sasa ni wengi kuliko wale waliokonda. Huku kwetu kusini mwa Sahara bado hatujafika hapo, lakini njia tunayoifuata ni ile ile.

Nianze na kisa. Ni kisa cha mfano, lakini wengi wenu mtamtambua mtoto huyu, maana yuko katika kila mtaa.

Kuna mama mmoja anayeuza mboga sokoni. Kijana wake ana miaka 14, yuko Gredi ya 8. Tangu utotoni alikuwa mnene, na nyanya yake alifurahi sana. Kila alipomwona alisema, "Huyu amelelewa vizuri." Tusimlaumu nyanya. Sote tunakumbuka miaka ile ya tisini na mwanzo wa elfu mbili, ambapo mtu akikonda tu, majirani walianza kunong'ona kwamba ana ukimwi. Tulijifunza kuona mwili mkubwa kuwa ndiyo afya, na mwili mdogo kuwa ndio ugonjwa.

Lakini mwaka huu fundi wa nguo amemshonea kijana huyo sare mara tatu. Shuleni wenzake wanamwita "Mheshimiwa". Saa ya michezo anajificha chooni. Usiku anakoroma mpaka ndugu yake mdogo anahamia sebuleni, na darasani anasinzia. Shingo yake imekuwa nyeusi, ngozi imekuwa nzito kama kitambaa cha mahameli, na mama amekuwa akiisugua kwa brashi akidhani ni uchafu. Sasa goti la kulia linamuuma na anatembea akichechemea. Mama anampaka dawa ya kuchua.

Mama huyu hakukaa tu. Alifunga kabati la chakula kwa kufuli. Kijana akaanza kutumia nauli yake kununua soseji na mayai ya kuchemsha barabarani, kisha anatembea nyumbani kwa miguu akiwa na njaa na aibu. Halafu rafiki wa mama akamletea majani ya chai ya "kupunguza mwili". Kijana akaharisha siku nne, na siku ya tano akazirai gwarideni. Hapo ndipo mama alipompeleka kituo cha afya, akiwa amejaa hofu na machozi.

Mama mpendwa, nataka usikie hili kabla hatujaendelea: mama huyo hakuwa mjinga, wala mtoto wake hakuwa mvivu. Walikuwa wakipigana na ugonjwa bila mganga.

Tutajuaje basi kwamba unene umepita kiasi? Si kwa macho peke yake. Mtoto hupimwa uzito na urefu. Uzito kwa kilo unagawanywa kwa urefu kwa mita, kisha unagawanywa tena kwa urefu ule ule. Kijana wetu ana kilo 105 na urefu wa mita 1 na sentimita 60. Ukipiga hesabu unapata 41. Kwa mtu mzima tunasema 30 na zaidi ni unene wa kupindukia. Kwa mtoto hatutumii kiwango cha watu wazima, bali tunatumia chati ya Shirika la Afya Duniani inayoangalia umri na kama ni mvulana au msichana. Katika chati hiyo, mvulana wa miaka 14 anahesabiwa kuwa mnene kupindukia anapozidi takribani 26. Kijana huyu amepita hapo mbali sana, na huo ndio tunaouita unene mkali. Usijaribu kumhukumu mwanao kwa hesabu ya nyumbani. Mpeleke apimwe, na mwuguzi akuonyeshe kwenye chati alipo.

Baada ya kupima, mhudumu wa afya atatafuta mambo mawili. Kwanza, je, kuna ugonjwa mwingine unaomnenepesha? Watoto wengi hawana. Lakini mtoto mnene ambaye pia ni mfupi kuliko wenzake na ameacha kurefuka, huyo lazima achunguzwe tezi ya shingo na homoni. Kadhalika, mtoto aliyetumia dawa aina ya steroidi kwa muda mrefu anaweza kuvimba uso na tumbo. Ikiwa mwanao anatumia dawa yoyote, ibebe uende nayo, lakini usimkatizie mwenyewe, maana kukatiza ghafla dawa hizo ni hatari.

Pili, je, unene umeshaanza kumdhuru? Ile shingo nyeusi si uchafu. Ni dalili kwamba mwili unapata shida kuitumia insulini, na kisukari huenda kiko njiani. Damu itapimwa sukari, mafuta na ini. Shinikizo la damu litapimwa kwa mkanda unaotosha mkono wake, kwa sababu mkanda mdogo hudanganya. Kukoroma kunakoambatana na pumzi kukatika usingizini huunyima ubongo hewa. Msichana anaweza kukosa hedhi miezi kadhaa bila ya kuwa mjamzito. Na goti linalouma pamoja na kuchechemea, sikilizeni vizuri: kwa kijana mnene anayekua, maumivu ya goti mara nyingine hutoka kwenye nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake. Hiyo ni dharura. Apigwe picha ya nyonga siku hiyo hiyo, asitembee tena mpaka daktari aseme. Kuchua goti hakutasaidia kitu.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje kwenye matibabu. Mwaka wa 2007 wataalamu wa watoto huko Marekani waliyapanga matibabu ya unene katika ngazi 4. Ya kwanza ni mabadiliko ya kawaida nyumbani: kuacha soda, kupunguza vya kukaangwa, kucheza kila siku, kulala mapema. Ya pili ni mpango wa milo ulioandikwa na mtaalamu wa lishe, na mtoto kurudi kliniki kila mwezi. Ya tatu ni kundi zima la wahudumu, yaani daktari, mtaalamu wa lishe, mshauri na mtaalamu wa mazoezi, wakimwona mtoto na familia mara kwa mara. Ya nne ni ya hospitali kubwa, nayo ni kwa wachache tu walio na unene mkali na madhara yake. Humo ndimo ulimo mlo maalumu wa matibabu, dawa na upasuaji. Mwaka wa 2023 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa mwongozo mpya unaosema tusingoje mtoto "aukue" unene wake, na tusimlazimishe kuanzia chini ngazi moja moja ikiwa hali yake ni mbaya. Apewe matibabu yanayolingana na hali yake, na mapema.

Kwa hiyo watoto wengi wanene hawahitaji huo mlo maalumu ninaotaka kuueleza. Nauleza kwa sababu mbili. Mwanao akiuhitaji, usiuogope. Na kama hauhitaji, usimwanzishie nyumbani kwa kusikia kwa jirani.

Mlo huo ukoje? Kijana wa miaka 14 kwa kawaida hula kalori zaidi ya 2000 kwa siku. Katika mlo huu anapewa kati ya kalori 600 na 800 tu. Wanga karibu wote unaondolewa kwa muda: ugali, wali, chapati, mkate, viazi, ndizi, sukari. Mafuta pia yanapunguzwa sana. Kinachobaki kwa wingi ni protini: samaki, kuku bila ngozi, mayai, nyama isiyo na mafuta, na kando yake mboga za majani kama sukuma wiki, managu na kabeji. Mahali pengine hutumia unga maalumu wa maziwa unaokorogwa na maji badala ya baadhi ya milo. Juu ya hayo mtoto anapewa vitamini, kalisiamu, potasiamu na chumvi kama daktari atakavyoamua, na anakunywa maji mengi.

Kwa nini protini? Mwili unaokosa chakula hauchomi mafuta peke yake. Huchoma pia misuli, na moyo ni misuli. Protini ya kutosha huilinda misuli hiyo wakati mwili unachoma mafuta uliyoyahifadhi. Mafuta yanapochomwa bila wanga, mwili hutoa kitu kinachoitwa ketoni. Ketoni hupunguza njaa, na ndiyo maana vijana wengi husema siku tatu au nne za kwanza ni ngumu, kisha njaa inatulia. Pumzi inaweza kunuka kidogo kama matunda yaliyoiva sana. Choo kinaweza kuwa kigumu. Mtoto anaweza kusikia kizunguzungu akisimama haraka. Haya ni ya kutarajiwa, lakini yote yaambiwe daktari.

Mlo huu una hatua tatu, na ukiruka moja umeharibu zote. Hatua ya kwanza ni maandalizi. Damu inapimwa, figo na ini vinaangaliwa, moyo unapimwa umeme wake, na mtoto mwenyewe anaulizwa kama yuko tayari. Hatua ya pili ni mlo wenyewe, unaochukua majuma kadhaa, mara nyingi kati ya manne na kumi na mawili, na kwa muda huo mtoto huonwa kliniki mara kwa mara, hasa mwanzoni, ili apimwe uzito, shinikizo la damu na madini katika damu. Hatua ya tatu ni kurudishiwa chakula. Wanga hurudi kidogo kidogo kwa majuma mengi: leo nusu tunda, juma lijalo kipande cha kiazi. Haraka haraka haina baraka. Mtoto akirudishiwa sahani nzima ya ugali kwa siku moja, uzito utarudi, na tumbo litamwuma. Na kwa mtu aliyekaa na chakula kidogo muda mrefu, kula ghafla kunaweza kuvuruga madini ya damu na kuutikisa moyo.

Utaona sijakutajia gramu. Nimefanya hivyo makusudi. Kiasi cha protini huhesabiwa kwa kila mtoto kulingana na urefu na umri wake, na anayekihesabu ni mtaalamu aliyemwona.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Huko Marekani, mnamo mwaka wa 1976 na 1977, ulizuka mtindo wa watu kununua protini ya maji na kuinywa badala ya chakula, wengi wao bila kuangaliwa na daktari. Protini ile ilitengenezwa kutokana na ngozi na kano za wanyama, nayo ni protini duni isiyotosheleza mwili. Makumi ya watu walikufa. Wengine mapigo ya moyo yalivurugika ghafla, nao walikuwa watu wazima ambao kabla ya hapo hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana. Kutokana na msiba huo, mlo wa leo unatumia protini kamili, madini yanaongezwa, na damu inapimwa. Ukiondoa vitu hivyo vitatu, umerudi mwaka wa 1977.

Wako pia watoto wasiofaa kupewa mlo huu. Msichana mjamzito au anayenyonyesha, hapana. Mtoto mwenye ugonjwa wa figo, wa ini, au mapigo ya moyo yasiyo sawa, hapana. Mwenye kisukari cha kutegemea insulini, hapana. Kijana anayejitapisha baada ya kula, au anayejinyima chakula kwa siri, huyo anahitaji msaada wa namna nyingine kwanza. Mwenye ugonjwa wa seli mundu, mwambie daktari mapema, maana kukaukiwa na maji kunaweza kumletea maumivu makali. Na mtoto yeyote anayemeza dawa za kisukari au za shinikizo la damu, dawa hizo huenda zikahitaji kupunguzwa na daktari kabla mlo haujaanza, la sivyo sukari au shinikizo litashuka mno.

(Muziki mfupi.)

Mama, kazi yako ni ipi katika haya yote? Ni kubwa kuliko ya daktari. Daktari humwona mtoto saa moja kwa juma. Saa nyingine zote ni zako.

Jambo la kwanza ni sufuria. Usimpikie mgonjwa peke yake huku wengine wakila chapati na mchuzi mbele yake. Si lazima nyumba nzima ifuate mlo wa hospitali, na watoto wadogo wasinyimwe wanga, kwa sababu wao wanakua. Lakini kuku yule yule, samaki yule yule na sukuma wiki ile ile viweze kuliwa na wote, ugali uwe upande kwa wanaouhitaji. Soda, mandazi na biskuti zisikae nyumbani kabisa. Chupa ya soda ya mililita 500 ina sukari kama vijiko 13 vya chai. Hakuna mtoto yeyote anayeihitaji, awe mnene au mwembamba.

Jambo la pili ni gharama. Najua protini ni ghali kuliko unga. Mwambie mtaalamu wa lishe ukweli kuhusu mfuko wako, usione haya. Omena aliyeoshwa vizuri na kuchemshwa, bila kuzama kwenye mafuta, ni protini kamili. Mayai pia. Maharagwe na ndengu ni vyakula vizuri, lakini vina wanga ndani yake, kwa hiyo katika majuma yale makali hupunguzwa, kisha hurudi baadaye na kuwa msaada mkubwa wa maisha yote. Mtaalamu akikupa orodha ya vyakula usivyovimudu, mrudishie mpange upya. Mpango usiowezekana si mpango.

Jambo la tatu ni shule. Mtoto wa bweni hawezi kufuata mlo huu kwa chakula cha shule, na shule haiwezi kumpima damu. Zungumza na daktari: pengine aanze mwanzoni mwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba, au asome kwa muda akitoka nyumbani. Mwalimu wa darasa ajulishwe, ili mtoto asilazimishwe kumaliza sahani ya githeri wala kukimbizwa uwanjani akiwa na kizunguzungu. Kutembea ni vizuri. Mashindano yangoje.

Jambo la nne ni mfungo. Nyumba nyingi hufunga, iwe ni Ramadhani au maombi ya kanisa. Mtoto aliye kwenye mlo huu tayari anakula kidogo sana na anahitaji maji mchana kutwa. Mwambie daktari na kiongozi wako wa dini mapema, msiongeze mfungo juu ya mfungo.

Jambo la tano, na kwangu mimi ndilo kubwa, ni ulimi. "Wewe unakula kama ng'ombe." "Tazama dadako alivyo mwembamba." Maneno hayo hayajawahi kumpunguza mtoto hata gramu moja. Humfanya ale kwa siri. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nakubali kwamba lazima umkataze soda hata akilia. Lakini kumkataza si kumtukana. Mwambie: "Mwili wako unaumwa na tutautibu pamoja." Na uzito wake usiwe habari ya kikundi cha akina mama wala ya majirani.

Sasa swali ambalo kila mama huuliza: baada ya majuma hayo, uzito hautarudi? Unaweza kurudi. Mlo huu hupunguza uzito haraka. Haumfundishi mtoto jinsi ya kuishi. Huko Australia, katika miji ya Sydney na Melbourne, madaktari waliwafuatilia vijana 141 wa miaka 13 hadi 17 wenye unene uliokuwa tayari umewaletea madhara. Wote walianza na kalori 800 kwa siku kwa majuma 4. Kisha wakagawanywa makundi mawili: wengine walipunguza chakula kila siku, wengine walipunguza sana siku 3 kwa juma na kula kwa kawaida siku nyingine. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2024. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa kubwa. Lakini karibu vijana 3 kati ya 10 hawakufika mwisho. Mimi najifunza mambo mawili hapo. Kwanza, njia ni zaidi ya moja, na nzuri ni ile ambayo mwanao anaweza kuishi nayo. Pili, ni safari ngumu hata kwa wenye hospitali za kila namna, kwa hiyo mwanao akiteleza, usimwite mshindwa. Mrudishe kliniki.

Wengine mmeniuliza juu ya sindano za kupunguza uzito. Ni kweli, dawa iitwayo semaglutide iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa mwaka wa 2022 kwa vijana wa miaka 12 na zaidi wenye unene wa kupindukia, na upo pia upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula kwa vijana wachache wenye unene mkali. Hizo ni kazi za daktari bingwa. Sindano inayouzwa mtandaoni au na mtu wa saluni usiiguse, kwa sababu hujui kilichomo.

Swali jingine: "Nianzie wapi?" Anzia karibu nawe. Zahanati au kituo cha afya kitampima uzito, urefu, shinikizo na sukari. Wakiona unene ni mkali, waombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti, aonwe na daktari wa watoto na mtaalamu wa lishe. Si kila hospitali inatoa mlo huu, kwa hiyo daktari akiona unahitajika anaweza kukutuma hospitali kubwa ya rufaa. Madaktari wa homoni za watoto bado ni wachache, lakini wapo: tangu mwaka wa 2008 Nairobi imekuwa na kituo kinachowafundisha madaktari hao, kwa ajili ya Kenya na nchi nyingine za Afrika.

Haya, shika kalamu. Ikiwa mtoto yuko kwenye mlo wa matibabu, mpeleke hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya:

Moja, anazirai, au moyo unamdunda ovyo, au kifua kinamuuma.

Mbili, anatapika au anaharisha hata maji hayakai tumboni.

Tatu, maumivu makali upande wa kulia wa tumbo chini ya mbavu, hasa baada ya kula, au macho kuwa ya manjano. Kupungua haraka kunaweza kuleta vijiwe kwenye nyongo.

Nne, misuli inakakamaa au inalegea mno, au amechanganyikiwa.

Tano, amehuzunika sana, anajitenga, anasema hana haja ya kuishi, au anajitapisha.

Na kwa mtoto yeyote mnene, awe kwenye matibabu au la: kuchechemea kwa ghafla, kiu na mkojo mwingi kupita kawaida, maumivu makali ya kichwa na macho kuona ukungu, au pumzi kukatika usingizini. Usingoje kesho.

Turudi kwa kijana wetu. Afisa wa kliniki pale kituoni hakumgombeza mama. Alimwuliza goti limeuma tangu lini, akawatuma wakapigwe picha. Bahati ni kwamba nyonga haikuwa imeteleza. Sukari ilikuwa imepanda, lakini haijafika kisukari. Wakaenda kwa rufaa, na katika likizo kijana akafuata mlo majuma manane. Juma la kwanza alilia. Juma la pili mama alimkuta na mfuko mtupu wa chipsi, akanyamaza, akasubiri kliniki wakalizungumza na mtaalamu. Kufikia juma la nane alikuwa amepungua kilo kadhaa. Bado ni mnene. Baada ya Krismasi kilo mbili zikarudi, na walirudi kliniki kama walivyoagizwa. Lakini ndugu yake mdogo amehama sebuleni amerudi chumbani, kwa sababu kukoroma kumepungua. Na kufuli la kabati mama ameliondoa.

Mama mpendwa, wahenga walisema mficha uchi hazai. Usiufiche unene wa mwanao kwa aibu, wala usiutibu gizani kwa majani na njaa. Mpeleke apimwe akiwa bado anakua, wakati mwili wake una nafasi ya kurekebika.

Juma lijalo, saa kama hizi, tutazungumza juu ya chakula cha kubeba shuleni: nini cha kuweka kwenye kikopo cha mtoto badala ya mandazi na juisi. Mwambie jirani yako naye afungue redio. Mimi nawaaga. Kaeni salama, na Mungu awalinde watoto wetu.

(Muziki wa kipindi unapanda.)